Kurasa Arobaini za Mizani ya Ekero

Nilitoka Voi Jumatatu asubuhi kwa sababu ya simu moja. Makokha, niliyesoma naye sekondari, alisema kompyuta ya kikundi chao cha wakulima wa miwa imekufa, na mpya waliyonunua haielewani na mizani. Bila mizani hiyo mkulima angepeleka miwa kiwandani bila kuujua uzito wake. Mimi hujifundisha programu huria, zile zilizo wazi kwa wote, popote ninapohamia, na kukaa mahali pamoja kumenishinda tangu ujana. Sikuhitaji kubembelezwa.

Nairobi nililala. Kesho yake jioni nilishuka Kakamega mjini, na asubuhi Makokha akanifikisha Ekero. Tulikaribishwa obusuma kwa ingokho, yaani ugali kwa kuku. Katibu wa kikundi, Mama Nafula, aliuliza kama watu wa Voi huwahi kuona miwa ama huisikia tu redioni.

Wiki ya kwanza nilijaribu kuikisia lugha ya mizani. Zilikuja namba za ovyo. Nikawaandikia watengenezaji ng'ambo, nikiomba maelezo ya kiufundi ili niandike kiendeshi, yaani programu ndogo ya kuunganisha mizani na kompyuta. Mara mbili walinishauri ninunue mizani mpya. Mara ya tatu walikubali, kwa sharti kwamba nitie sahihi kuwa hakuna mwingine atakayeyaona.

Msimu wa kukata ulikaribia. Nilishashika kalamu Mama Nafula alipoichukua barua yao ya sharti.

"Hapa barua ya kikundi husomwa mbele ya wanachama, ndugu. Hakuna ya mfukoni."

Jumamosi aliisoma, wanachama wakalikataa sharti, naye akawajibu watengenezaji hivyo hivyo. Niliona tumeharibu kila kitu.

Wiki tatu baadaye, mhandisi wao mmoja alituma kurasa arobaini bila sharti, pamoja na ruhusa ya kuzichapisha. Niliandika kiendeshi siku nne, lakini uzito ulirukaruka. Jumamosi Mama Nafula akataka kurasa zote zisomwe. Nilimsihi aniache nitoe muhtasari, akakataa. Nikatafsiri jedwali baada ya jedwali. Nilipofika mahali palipoeleza kwamba mizani hutuma alama moja ikitulia na nyingine ikitikisika, Osundwa, dereva wa trekta, aliinua mkono.

"Trela ikipanda mizani hucheza kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Wewe huisoma saa ngapi, fundi?"

Nilikuwa nikiisoma papo hapo. Alama ile nilikuwa nimeiruka. Wakanicheka, nami nikacheka.

Nikakirekebisha kiendeshi kingoje alama ya kutulia, na Jumatatu namba zilitulia. Kiendeshi tulikiweka mtandaoni wazi, kwa jina la kikundi, pamoja na zile kurasa. Nimetengeneza kompyuta katika miji mingi, lakini hakuna kazi ninayojivunia kama hii. Nilikuwa nikidhani karatasi ya kiufundi ni ya fundi peke yake.

Niliondoka Ekero siku msimu ulipofunguliwa. Osundwa alipandisha trela ya kwanza, akangoja itulie. Karatasi ya uzito ikatoka. Mwenye miwa akaisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, na trela ya pili ikasogea. Hakuna aliyenigeukia kuuliza lolote. Nikaaga.