Mafuta ya Gari la Theluji

Juzi, katika duka la spea hapa Isiolo, mzee mmoja kutoka Garbatulla alitaka mafuta ya kuchanganya na petroli ya pampu yake ya maji. Alipita chupa zote, akashika yenye picha ya gari la theluji, lile la kuteleza juu ya barafu.

"Mzee, hiyo ni ya nchi za baridi," mwenye duka akamwambia.

"Ndio nataka hiyo. Pampu yangu inachemka sana, na mbuzi wangu wako na kiu."

"Lakini hapa hakuna theluji!"

Mzee akasimama mlangoni, akaelekeza fimbo Mlima Kenya. "Si ile? Na inaisha. Hiyo gari itaenda wapi? Nipatie mafuta yake."

Sisi wateja tulikuwa tayari kucheka. Lakini tulipoutazama mlima, theluji ilikuwa imebaki kidogo tu kileleni. Mwenye duka akatafuta gazeti, akaifunga chupa ndani yake.