Uzi Mmoja wa Inanga

Kiharusi kilipouchukua mkono wa kulia wa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliniomba jambo moja: siku ya gusaba, binti yake atakapotolewa mbele ya wageni waliokuja kumposa, atoke kwa sauti ya inanga, kinanda cha ubao na nyuzi, aliyokuwa akiipiga yeye baba yake. Hakuna aliyewahi kumrekodi. Mimi nilikuwa na kibodi, kompyuta na masikio niliyoyafundisha mwenyewe, chumbani kwangu Nyamirambo.

Nyuzi za inanga zilizomo kwenye kibodi zililia safi kupita kiasi. Nikapunguza ung'avu, nikalegeza kila uzi kidogo, kivyake, ili usikike umepigwa na mtu, nikaongeza mwangwi mpana. Shemeji alisikiliza, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Shemeji, mimi nilikuwa napigia kanisani?"

"Mwangwi nitautoa."

"Na hawa watu nane wanaogombana ni nani? Inanga iko na uzi moja tu. Inazunguka ubao mzima. Ukivuta hapa, jirani analegea."

Nilikuwa nimeziharibu nyuzi kana kwamba hazijuani. Nikaanza upya: mmoja ukipanda, wa pembeni unashuka kidogo. Mwangwi nikaufanya mfupi, wa sebule yenye mikeka na watu. Juu yake nikaweka mkwaruzo wa kucha, niliourekodi kwenye inanga yake mwenyewe, iliyokuwa imeegemezwa ukutani tangu augue. Aliposikia, vidole vya mkono mzima vilianza kutembea pajani.

"Huyu ni mimi," akasema.

Siku ya gusaba, binti alipotokea, ukumbi ulijaa kitu laini kinachong'aa kama vigae vilivyopigwa deki. Kucha hazikuwepo. Nikamkimbilia fundi wa vipaza sauti, mtu wa makamo kama mimi.

"Mkubwa, ilikuwa inakwaruza, nikafikiri spika zimekufa. Nimekusafishia, nikaweka na eko. Si unaona wanapiga makofi?"

Kweli walikuwa wanapiga makofi. Binti alikuwa ameshapita, na binti hatolewi mara mbili.

Nilirudi kuketi kando ya shemeji. Hakunigeukia.

"Kumbe uliipenda ile yako ya kwanza," akasema.

Nikamweleza habari ya fundi, yote, kwa mpangilio. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza udhuru. Mpaka leo watu wa ukoo hunisifia muziki wa siku ile, tena mbele yake.