Ng'ombe Asiye na Pembe kwenye Tamasha la Ziwa

Mimi ndiye niliyemwandika baba kwenye programu bila kumwuliza, kwa hiyo yote yaliyofuata ni dhambi yangu.

Kila vakansi kubwa, shule zikifungwa na vumbi la mawe meusi likianza kutuingia hadi kwenye chai, Goma hupata kichaa kitamu. Watu wanashuka ziwani. Kila penye kipande cha ufuko kuna mtu amefunga spika, kuna sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa, kuna wachoraji wanne wanachora volkano ileile, na kuna mwongozaji anayetutukana kwa upendo kwa sababu hatuchezi vya kutosha. Mwaka ule mtaa wetu nao ulitaka tamasha lake. Komite ikanifanya sekretari, kwa kuwa mimi ni mwalimu na nina kalamu zinazoandika.

Niliandika rapa watatu, kwaya mbili, kundi la wachezaji, na mashindano ya chukudu, yale magurudumu mawili ya mbao ya kubebea mizigo, zilizopambwa. Rais wa komite akasoma, akanuna. "Na desturi ya wazee iko wapi? Hii yote njo kelele tu." Hapo ndipo nilipoongeza mstari mmoja chini: muzee wa Masisi atasifu ng'ombe.

Kwetu milimani hiyo ni sanaa kamili. Mtu anasimama mbele ya ng'ombe na fimbo yake, anamtaja jina, mama yake, mwendo wake, pembe zake, kwa pumzi ndefu isiyokatika. Baba alikuwa bingwa. Harusi haikuwa harusi kabla hajasema. Lakini tangu tulipokimbia vita, na ng'ombe wake kumi na saba wakapotea wote njiani, hakuwahi kusema hata mstari mmoja. Miaka mitatu. Hata maziwa alikuwa anayaita "ile nyeupe". Mimi nilitaka kumsikia tena kabla mmoja wetu hajafa. Komite niliieleza mambo ya urithi na vizazi, lakini ukweli ndio huo, sina mwingine.

Baba alipata habari hizo kutoka ukutani. Programu ilibandikwa karibu na duka la mkate, jirani akampongeza, naye baba akaibandua na kuja nayo nyumbani. Nilijiandaa kugombezwa.

"Hapa wameandika miye," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Sasa ngombe iko wapi?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilidhani angesifu tu, kama waimbaji wa mapenzi wanavyoimba bila mpenzi. Aliniangalia kama mtu aliyezaa mtoto mmoja na huyo mmoja akatoka hivi. "Mutu hawezi kusifu hewa, mwanangu. Hewa haisikie."

Tukaanza kutafuta ng'ombe. Goma ng'ombe hawakosekani, ila wengi wako vipande vipande. Mwishowe nikaenda Birere kwa mchinjaji tunayenunua kwake, mtu mnene wa Bukavu mwenye cheko la karibu. Alikuwa na ng'ombe mmoja mzima, aliyenunuliwa kwa ajili ya harusi, siku yake ya kisu ikiwa Jumanne. Tamasha ni Jumapili. Akakubali kumwazima, mradi bucheri yake itajwe kwenye mikro mara tatu.

Baba, ambaye hajawahi kumficha mtu kitu, akaomba tumwendee pamoja. "Mukubwa, nikuambie mapema. Kwetu, ngombe uliyesikia sifa yake, nyama yake hauile. Wewe na wote wenye walisikia."

Mchinjaji alicheka mpaka akashika mlango. "Papa, miye mutu wa Bukavu! Hiyo sheria haijafika kwetu."

"Sawa. Mimi nimeshakuambia," baba alisema.

Jumapili ng'ombe akafika ufukweni kwa miguu, akiongozwa na mchinjaji mwenyewe aliyevaa suti. Alikuwa mpana, mweupe mwenye mabaka meusi, wale wa maziwa. Na hakuwa na pembe. Walimkata akiwa ndama. Wakati uleule wachezaji wetu walikuwa jukwaani wamenyoosha mikono juu, maana ngoma yao yote ni kuiga pembe ndefu za ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe anawatazama bila kuelewa wanachotaka.

Rais wa komite akashika kichwa. Akaita mchongaji, mchongaji akakata pembe mbili za katoni, akazipaka rangi ya dhahabu. Baba aliposikia alikuja mbio ambazo sikujua anazo.

"Munataka kumuvalisha ngombe peruki, nywele za uongo?"

Wakajadiliana karibu nusu saa. Kuna waliosema watalii wakija watataka pembe. Watalii gani, sijui. Mgeni pekee siku ile alikuwa shangazi wa rais kutoka Butembo. Wakati wakipiga kura, ng'ombe akala pembe ya kushoto, na mjadala ukaishia hapo.

Halafu utambulisho. Kwetu huwezi kumsifu ng'ombe asiyekujua. Lazima usimame upande unakotoka upepo ili apate harufu yako, na umwache achukue muda wake. Huyu alichukua muda. Alinusa koti la baba, akanusa kofia, akarudi tena kwenye koti. Rapa wa pili alikuwa anasubiri zamu yake, amevaa miwani miwili. Mwongozaji akajaza nafasi kama alivyoweza: "Goma, vumilieni! Artisti wetu iko kwenye balansi, anapima sauti!" Akataja bucheri mara ya nne.

Hatimaye baba akapanda, ng'ombe pembeni yake, mikro mkononi. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Nimewahi kusubiri matokeo ya mtihani wa serikali, nimewahi kusubiri habari za watu waliobaki nyuma, lakini kimya kile kilinichoma kuliko vyote, kwa sababu nilikuwa nimekitengeneza mimi. Baba akanitafuta kwa macho. "Huyu simujui," alisema, na spika zikaipeleka sauti yake ziwani. "Wenye najua..." Akaacha. Akashusha mikro.

Nikapanda kumchukua. Nilikuwa nimeshamshika mkono, nataka kumwambia papa, nisamehe, twende nyumbani, ng'ombe alipotoa ulimi na kulamba mikro kutoka chini mpaka juu. Kwenye spika kubwa, ulimi wa ng'ombe unasikika kama mtu anapiga randa ubao wa mlango wa kanisa. Ufuko wote ukaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, nakiri.

Baba hakucheka. Alikasirika. Aliugeukia umati mzima kwa fimbo. "Munachekea nini? Bihogo alikuwa analamba vile! Mama yake alikuwa analamba vile!"

Basi, jina la mmoja wa wale kumi na saba lilikuwa limetoka. Miaka mitatu halijatoka. Alisimama kidogo kama aliyejikwaa, halafu akaendelea, kwa hasira kwanza, baadaye bila hasira. Sifa zote za Bihogo akampa yule ng'ombe wa harusi. Alipomaliza hakupumua, akamwita Gaju, akampa za Gaju. Akasifu pembe zinazopasua ukungu wa asubuhi, na mbele yake pale kichwa kitupu, mviringo kama kiazi, na hakuna hata mmoja aliyecheka tena. Nilikuwa nahesabu kwa vidole. Kwenye jina la kumi vidole viliisha, nikaendelea na machozi. Kwenye la kumi na saba alinyamaza, akapangusa mikro kwa mkono wa koti, akamrudishia mwongozaji.

Chini ya jukwaa mchinjaji alikuwa ameshika mshikaki, hatafuni.

Jumanne, saa za chai, alibisha mlangoni kwetu. Ng'ombe alikuwa nyuma yake. Watu wa harusi walikuwa wamehudhuria tamasha na wamesema watakula kuku. Mtaa nao ulikuwa umesikia, maana spika zilikuwa kubwa. Lakini shida haikuwa hiyo.

"Muzee," alisema, na hakukuwa na cheko, "asubuhi nimenyanyua kisu mara tatu. Mara tatu! Nikimuangalia nasikia mikro. Uondoe ile maneno."

"Maneno haiondoke, mukubwa."

"Basi umuchukue. Mimi hata bei sitaki kuisikia."

Akafunga kamba kwenye nguzo ya jiko letu na kuondoka akinung'unika kuhusu watu wa milimani.

Hapa tunapokaa Goma hakuna jani. Ni mawe meusi matupu mpaka mlangoni. Kila asubuhi baba anatembea mpaka upande wa ziwa la Lac Vert kukata majani, anarudi na mzigo kichwani, mtu wa miaka sabini, anapiga mluzi. Maziwa sasa anayaita maziwa. Ila kumpa ng'ombe chakula kunamchukua muda, na mimi nachelewa shuleni nikimsubiri amalize, kwa sababu anamwita kwa majina yote kumi na saba, moja moja, na ng'ombe hainui kichwa mpaka asikie la mwisho.