Kaunda Suti ya Babu

Harufu ya mvuke wa pasi ikinipiga, najikuta tena utotoni, kwenye fleti yetu ya Riverdale Park, huku ughaibuni. Babu alikuwa amefariki nyumbani, na mama, kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji, hakuweza kwenda kumzika. Nguo za marehemu zilipogawanywa, yeye akatumiwa kaunda suti, ile inayobeba jina la rais wa nchi jirani. Mimi babu nilikuwa sijawahi kumwona, nikadhani Kaunda ndiye yeye.

Mama aliipiga pasi, akaivalisha kiti cha mezani.

"Msalimie babu yako."

"Shikamoo, Kaunda."

Mama hakucheka. Alitega sikio kwenye ile kola tupu, akatabasamu. "Umesikia? Kaitikia."

Mimi sikusikia kitu.

Siku hizi suti ni yangu. Leo asubuhi nimeipiga pasi, nikaivalisha kiti, nikamfundisha mwanangu, mtoto wa Kiingereza kitupu, neno moja tu: shikamoo. Nikamwacha nayo, nikaenda kuchemsha chai.

Punde akaja jikoni mbio, macho yanang'aa. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, "marahaba" maana yake nini.