Nilivyoivuka Tinde na Moyo Wangu

Nilikwenda Geita kumwogesha mjukuu. Mengine mliyoyasikia hapo mtaani, kwamba nimefuata mganga au nimekwenda kununua dhahabu, ni maneno ya watu waliokosa kazi. Zuhura, mwanangu wa pekee, alijifungua mtoto wa kike, na kwetu mzazi wa kwanza hukaa na mama yake mpaka arobaini itoke. Mama huyo ndiye anayemwogesha mtoto. Sikuwa na wa kumtuma.

Shida ilikuwa mwili wangu. Mwaka jana nilipanda basi kwenda harusini Kahama. Tulipofika Tinde moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu, pumzi ikawa fupi, vidole vikafa ganzi. Nikajua nakufa. Nikateremka, nikarudi Shinyanga, na harusi nikaiangalia kwenye simu. Tangu siku ile sikuivuka Tinde tena. Majirani walisema ni presha, dada yangu akasema majini, na vitunguu saumu nilivyotafuna vingetosha kufungulia genge. Daktari alinipima moyo, akanipima damu, akasema sina ugonjwa wa moyo, huu ni wasiwasi unaosemea mwilini.

"Ukihema haraka haraka ndipo vidole vinakufa ganzi," aliniambia. "Toa pumzi taratibu, iwe ndefu kuliko ile unayovuta. Hali itapanda, halafu itashuka yenyewe."

Nilimwamini nikiwa mbele yake. Nilipofika nyumbani nikaona kwake ni rahisi kusema, maana moyo si wake.

Lakini basi halikuwa hofu yangu kubwa. Hofu yangu ilikuwa mikono. Mimi ni fundi cherehani, mikono hii ndiyo iliyomsomesha Zuhura, na ikifa ganzi haishiki hata sindano. Nikajiuliza, je, mtoto mchanga mwenye sabuni mwili mzima? Hilo sikumwambia mtu. Nilifunga kanga mbili za mzazi, mafuta ya nazi na nguo nilizomshonea mtoto, nikaenda stendi.

Stendi ya Shinyanga, asubuhi. Nilichagua kiti cha karibu na mlango, ili nikizidiwa niteremke bila kuomba njia. Aliyekaa kando yangu ni mama mtu mzima kunizidi, mwenye mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani. Kabla sijampa shikamoo yake alikuwa ameshalala, mdomo wazi. Nilimwonea wivu. Mimi macho yalikuwa kodo, nasoma kila kibao cha barabarani.

Tinde. Nilikuwa nimejipanga kuangalia upande mwingine, kana kwamba mji ungepita bila kuniona. Haikusaidia. Moyo ulianza kugonga, vidole vikaanza kuchomachoma. Basi likapunguza mwendo ili kupakia. Nikanyanyua mkono nimwite konda. Neno "shusha" lilikuwa ulimini.

Hapo ndipo jirani yangu alipoamka. Akajifuta uso kwa kanga, akanigeukia.

"Mwangaluka, mayu."

Wasioishi kwetu niwaeleze kidogo: mwangaluka ni maamkizi, mayu ni mama. Salamu ya Kisukuma si neno la kurusha ukapita. Mtu atakuuliza umetoka wapi, u mtoto wa nani, nyumbani wazima, watoto wazima, mifugo je, mvua je. Unajibu moja moja, kisha nawe unamuuliza yote hayo. Kukatisha katikati ni kumwonyesha mwenzako kwamba si mtu. Baba yangu alikuwa Mmanyema mfanyabiashara, lakini bibi mzaa mama ni Msukuma, naye alinilea kwa salamu na fimbo. Mkono ukashuka wenyewe.

"Mwangaluka, mama," nikaitikia.

"Mhola?"

"Mhola." Maana yake ni kwema, na bibi alinifundisha kulivuta neno hilo mpaka pumzi iishe. Nikalivuta.

"Watoto?"

"Mmoja tu, yuko Geita. Amejifungua."

"Wabeja, hongera! Na ng'ombe?"

"Sina ng'ombe, mama."

"Huna hata mmoja?" Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Basi kuku?"

"Kuku wapo."

"Wanataga?"

Nikasema wanataga. Ikawa zamu yangu. Nikaanza kumuuliza mimi, na yeye hakuwa mtu wa majibu mafupi. Anaitwa Mama Kulwa, anakwenda Ushetu kumsaidia kaka yake tumbaku, wanawe pacha wameoa, mmoja kaoa vizuri na mwingine Mungu anajua. Nilipomaliza kuuliza habari za mvua, konda aliinama kwangu.

"Mama, si ulinyanyua mkono? Unashuka?"

"Tuko wapi?"

"Tinde tumeshaiacha."

Nilichungulia dirishani. Kulikuwa na mashamba tu. Moyo ulikuwa bado unakwenda haraka, ila kama mtu anayepunguza mbio baada ya kukosa anayemkimbiza.

"Basi twende," nikamwambia konda.

Nikamweleza Mama Kulwa yaliyonipata. Hakushangaa. "Nilikuona umekikamata kiti hicho utafikiri kinataka kutoroka," alisema.

"Mbona hukuniuliza kitu?"

"Ningekuulizaje? Tulikuwa hatujasalimiana."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

Kahama tuliagana, akanimiminia michembe ndani ya kanga. Nikapanda gari la Geita kupitia Kakola, barabara ya vumbi na malori ya mgodini. Mara mbili moyo ulijaribu tena. Sikuwa na wa kunisalimia, kwa hiyo nikatafuna michembe, nikatoa pumzi ndefu, nikauacha upige. Ulichoka kabla yangu. Nilisikia fahari ya kitoto ambayo sikuwahi kuisikia hata siku ya kununua cherehani yangu ya kwanza.

Geita, jioni. Mkwe wangu Masanja, muuza kamba na mabuti ya wachimbaji, alinipokea kwa adabu zote na kunibebea mzigo. Ndani nilimkuta mama yake, Mama Masanja, aliyefika kutoka Chato tangu siku ya kwanza. Alikuwa anamgeuza mtoto kama anayegeuza chapati.

"Afadhali umekuja," akasema. "Mimi kesho narudi, nimeacha shamba. Asubuhi utamwogesha wewe, nione mkono wako kabla sijaondoka."

Asubuhi. Niliketi chini kama mama yangu alivyoketi, miguu nimeinyoosha mbele, mtoto kalazwa juu ya miundi. Beseni kando, Zuhura ameshika kopo, Mama Masanja amesimama mlangoni. Nikatia mkono majini, na vidole vikafa ganzi. Sikujua maji yana moto au baridi. Moyo ukapanda mpaka masikioni. Nilitaka kusema nimesahau kitu, nikimbie chumbani.

"Zuhura," nikasema, "mikono yangu imekufa ganzi. Ni ule wasiwasi wa Tinde. Naogopa nitamwangusha."

Nilisubiri anyanyuke amchukue mtoto wake, na angekuwa na haki.

Hakumchukua. Aliketi mbele yangu, akaweka viganja vyake pembeni ya miguu yangu. "Ataanguka aende wapi, mama? Yuko miguuni kwako na chini ni mkeka. Usimshike kwanza. Subiri mikono irudi."

"Na maji bado yana moto," Mama Masanja akadakia, akayapoza. Baadaye Zuhura aliniambia maji yalikuwa sawa kabisa.

Basi nikasubiri, mtoto ananitazama. Nikaona si vizuri kukaa na mtu bila maneno.

"Mwangaluka, mayu," nikamwambia mjukuu wangu, nikalivuta neno mpaka pumzi ikaisha. "Mhola? Umetoka wapi? Huko utokako wazima?" Hakujibu, alipiga chafya. Nikaendelea: ng'ombe je, kuku je, mvua je. Mama Masanja alianza kumjibia, kwa sauti nyembamba ya mtoto, na kwa majibu yake mtoto yule ana ng'ombe wengi. Kufika kwenye mvua, vidole vilikuwa vinawasha, na maji nikayasikia yana uvuguvugu. Nikachukua sabuni. Nilimwogesha mjukuu wangu kuanzia utosini, polepole, na sikumwangusha.

Arobaini ilipotoka nikarudi. Wapo watakaoniuliza kama nimepona. Sijapona, nimezoeana na huu wasiwasi tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nampisha mgeni huyu chumba changu mwaka mzima, nikilala nje. Sasa akija ananikuta nina kazi, na nikihitaji msaada natamka, sijifichi.

Tinde, wakati wa kurudi. Nilikaa kiti cha dirishani, mbali na mlango. Vibanda vilipoanza kuonekana, moyo ukagonga palepale pa siku zote. Kijana aliyekaa kando yangu alikuwa amevaa spika za masikioni, hasalimiki. Nikaweka mkono kifuani.

"Mwangaluka," nikauambia. "Mhola? Mjukuu wetu ameshaanza kucheka."