Mguu wa Shangazi Uliokataa Kushiba

Nilirudi shule nikiwa na watoto wanne na vyerehani viwili. Mwalimu wetu wa baiolojia wa masomo ya jioni, pale Singida mjini, alikuwa mdogo kuliko suruali niliyovaa siku ya kwanza. Kijana huyo alituandikia ubaoni neno moja: trofi. Akasema kwa Wagiriki lilikuwa jambo la kulisha na kulea, na wataalamu wakalichukua wakalibandika kila mahali. Ototrofi, kiumbe anayejilisha mwenyewe, kama mtama. Saprotrofi, anayekula vilivyokufa, kama uyoga. Haipatrofi, nyama ya mwili kunenepa. Atrofi, nyama kunyauka.

Nilifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe. Wiki nzima sikumpima mteja kiuno bila kumpa Kigiriki. Watatu walinihama, mmoja akiwa ameshonewa mguu mmoja tu wa suruali.

Wakati huohuo kule kijijini Mungaa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipanda kwenye mwamba nyuma ya nyumba kuanika mlenda, akateleza. Mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Hospitali wakamfunga plasta, ile tunayoiita hogo, akakaa nayo wiki nyingi. Siku ya kuikata nilimsindikiza mimi. Msumeno ulilia, hogo likapasuka, ikatoka harufu kama ya chungu kilichofunikwa tangu enzi za Wajerumani. Ndani mlikuwa na mguu wenye rangi ya mzizi, magamba yanabanduka, vinywele vyeusi vimeota virefu, na wote mwembamba kama mwiko.

Shangazi aliugusa kwa kidole.

"Baba," aliniambia, maana nimerithi jina la baba yake, "huu si wangu. Waambie wauchukue, wanipe wangu."

Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka, na mimi hucheka hata msibani. Kisha muuguzi akatupa maelekezo ya mazoezi, nikayasikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa limejaa Kigiriki.

Nyumbani nilikaa kwenye kigoda, nikafungua darasa. "Hii inaitwa atrofi. A ni bila, trofi ni lishe. Mguu una njaa."

Mkwe wake, mke wa binamu yangu, aliyetoka Manyoni kuja kumuuguza, hakuhitaji ubao. "Si ungesema tu, shemeji! Njaa si ndiyo kazi yangu?"

Kwetu aliyetoka hospitali hashiki jembe wala hachoti maji. Huchinjiwa. Basi shangazi akakalishwa kwenye ngozi, mguu ukapewa mto wake peke yake, na supu za kuku zikaanza kuja, na maziwa mgando, na ugali wa uwele uliozama kwenye samli. Shangazi mwenyewe aliuita mguu ule mgeni. Kabla ya kumeza tonge aligonga goti taratibu: "Karibu, mgeni. Kula."

Kila Jumamosi nilikwenda na tepu yangu ya ufundi. Jumamosi ya kwanza mguu wa kulia ulikuwa umenenepa na wa kushoto umepungua. Ya pili, vilevile. Ya tatu nilipima mara tatu. Ilikuwa saa saba mchana, upepo umekatika ghafla, hata kuku wachache waliosalia hawakulia. Ule mguu ulikuwa wa baridi mkononi kama jiwe la chini ya mtungi. Chakula chote kile kilikuwa kinaingia, lakini kilikwenda wapi? Nikakumbuka saprotrofi, nikatamani nisingesoma.

Jikoni shemeji alininong'oneza: "Nimepika kuku wa ukoo mzima. Humu ndani kuna mdomo mwingine."

"Mdomo gani?"

"Wewe ndiye msomi."

Shangazi aliniona nikikunja tepu. "Mwisho wa mwezi mwanangu anakuja kunichukua. Nisipotembea nyumba hii inafungwa, nikakae chumbani Manyoni niangalie treni. Nimelima hapa tangu niolewe, baba. Mume wangu amelala pale nyuma. Nitamwachia nani?"

Jumatatu nilimwahi mwalimu kabla ya kipindi, nikamweleza yote. Aliuliza swali moja tu.

"Huo mguu anaukanyagia chini?"

"Anaulisha."

Akaweka chaki mezani. "Mzee wangu, neno halitibu. Msuli hulelewa kwa kazi. Mpe hata ng'ombe mzima, mguu usiobeba kitu mwili unaupunja tu. Hospitali hawakuwaambia?"

Nikaangalia dari. Ilikuwa dari nzuri sana.

Jumamosi nilikiri kosa langu mbele ya wote wawili. Shangazi akakataa katakata: "Mgeni hafanyishwi kazi."

"Mama!" shemeji akaruka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Huyu ana mwezi mzima anakula tu!"

Shangazi alicheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikakatika.

"Nilishaujaribu," alisema. "Mlipokuwa nje. Niliuweka chini, ukakanyaga pengine."

"Pengine wapi?"

"Penye maji. Ya baridi, hadi kwenye kifundo."

Sakafu ilikuwa kavu, vumbi tupu. Mvua hatukuwa tumeiona kwa miezi. Shemeji alitazama sakafu, akanitazama, akapandisha khanga yake kidogo kama anayetaka kuvuka mto.

Tulimshika huku na huku, tukamwinua. Akafumba macho, akauteremsha mguu. Kucha zake zilizama mkononi mwangu; alama ninazo hadi leo, nikizionyesha watu hudhani ni chui.

"Maji yapo?" nikauliza.

"Yapo."

"Basi vuka, shangazi."

Akavuka. Hatua sita hadi mlangoni, jasho likimtiririka. Kesho yake kumi. Wiki iliyofuata alifika kwenye mpaka wa shamba, akarudi peke yake na fimbo. Supu ziliendelea, ila sasa mguu ulizifanyia kazi, ukarudi uzi kwa uzi. Binamu yangu alipofika mwisho wa mwezi alimkuta mama yake anapepeta uwele amesimama. Akamchukua mkewe tu.

Mvua za kwanza nilimkuta njiani, ndoo kichwani, anatoka kwenye pampu ya maji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba."

Ndoo alininyima. Nikafuata nyuma, nimdake akiyumba. Hakuyumba. Ila kila baada ya hatua chache alisema kitu kwa Kinyaturu, taratibu, akiuangalia mguu wa kushoto, kisha akanyamaza kwa muda unaotosha mtu kujibu. Mara akaitikia kwa kichwa.

"Unaongea na nani?"

Alisimama bila kugeuka.

"Tangulia mbele, baba. Huku nyuma tunatosha."