Gazeti letu la River Road lilipopoteza K

Wakuu, sasa.

Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie. Hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, mikono myeusi kwa wino.

Miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, nilikuwa mpanga herufi River Road. Hakukuwa na computer wala font ya ku-download. Kila herufi ilikuwa kitu cha kushika. Unazipanga kinyume, mstari kwa mstari, halafu mtambo unapiga.

Hapo ndipo tulipochapa gazeti la Kwetu, karatasi moja tu kila Jumapili.

Mhariri alikuwa Zakayo, mpishi wa Wazungu Kileleshwa, mtu wa magharibi ya Kenya kama mimi. Wasomaji walikuwa wapishi, yaya na watunza bustani wa Kileleshwa na Kilimani. Habari zake: nani amefiwa, kwaya gani inaimba wapi, nani anatafuta kazi. Wazungu walidhani ni karatasi ya kufungia nyama.

Jina la juu tulichongewa kwa mbao na seremala msomaji wetu. Herufi kubwa, safi. Nilizipenda mno.

Siku moja mwenye mtambo, bosi wangu, akatuambia ameliuza gazeti kwa mfanyabiashara wa sabuni.

Zakayo akauliza, "Umeuza kitu ya nani?"

"Linachapwa kwangu, ni langu."

Zakayo akaanza kukusanya zile herufi za mbao, nami nikamsaidia. Mwenye mtambo akaiwahi K, akaitia mfukoni. "Haya, nendeni mkachape."

Kazi yangu iliishia hapo, na nilikuwa nimeoa juzi. Niliogopa, sifichi. Lakini nilitoka.

Tukapata mtambo mwingine mtaa huohuo. Mimi nilitaka tungoje K nyingine ichongwe. Zakayo akakataa. "Watu wanangoja. Piga hivyohivyo."

Likatoka limeandikwa WETU.

Jumapili hiyo la sabuni nalo likatoka, Kwetu kamili na K yake, matangazo tele, tena bure. Nikajua tumekwisha.

Tulikuwa nje ya kanisa Kilimani. Yaya mmoja, Rispa, aliyekulia Mombasa na asiyevumilia Kiswahili chetu cha Nairobi, alikuwa na yote mawili mkononi. Akaja kwa Zakayo amekunja uso.

"Mzee, mmeharibu. Gazeti si wetu. Gazeti ni letu."

"Sijasikia," Zakayo akasema.

"Ni letu!"

Watu wakageuka, wakacheka, halafu wakaja kuchukua nakala zao. Rispa akatandika la sabuni kwenye nyasi, akalikalia ili gauni lisichafuke, akasoma letu.

La sabuni halikudumu. Letu lilifika Uhuru, na hadi leo najivunia, wakuu, acheni tu.

Nilichojifunza: mwenye gazeti si mwenye mtambo. Ni yule anayekasirika likikosewa.

Mtaani kwenu mlisoma gazeti gani, na lilikuwa la nani? Comment hapa chini. Na mkiona nimekosea Kiswahili, nikemeeni.